Kombe lililopewa majina ya vani

Katika yadi ya depo ninakofanya kazi hapa Coventry kulikuwa na vani moja kuukuu aina ya LDV ambayo sikuwahi kuiona ikiwashwa. Matairi yalikuwa yamelala, kioo cha mbele kina ufa kutoka kona hadi kona, na ndani mmejaa makatoni yaliyolowa. Asubuhi moja ya Novemba 2016, saa kumi na moja na nusu, giza bado halijaondoka na sisi madereva tunapuliza vidole tukisubiri kupangiwa ruti, mzee anayetugawia parseli akaipiga kofi kwenye boneti kama mtu anayempiga punda wake mgongoni.

"Hii unayoiona hapa," akasema, "iliwahi kuwa na kombe lake."

Nilidhani ananitania. Mimi nimetoka Mombasa mwaka 2012, na kwetu kombe huitwa kwa jina la rais, la mbunge au la marehemu. Kombe la vani? Lakini mzee hakuwa anatania. Ni shabiki wa Wolves, klabu ya mji jirani wa Wolverhampton, na mashabiki wa Wolves wa umri wake hawataniani kuhusu jambo hilo. Baadaye nitaeleza kwa nini.

Kombe lenyewe siku hizi rasmi huitwa EFL Trophy, yaani kombe la Ligi ya Soka ya Uingereza. Ni la klabu za daraja la tatu na la nne za Uingereza, zile ambazo leo huitwa League One na League Two. Ila jina hilo rasmi halitumiki sana, kwa sababu kila baada ya miaka michache huja mdhamini akalibandika lake. Nikaanza kuyafuatilia majina hayo jioni, badala ya kulala, na nikakuta mzee alikuwa na haki kuliko alivyojua mwenyewe. Mwaka 1985 liliitwa Freight Rover Trophy. Freight Rover walikuwa wanaunda vani Birmingham. Mwaka 1988 likawa Sherpa Van Trophy, na Sherpa ni vani ya hao hao Freight Rover. Mwaka 1990 likawa Leyland DAF Cup, kampuni iliyokuwa imekichukua kiwanda kile kile. Halafu miaka ya 1990 wakaja watengeneza vioo vya magari, Autoglass kwanza, kisha Auto Windscreens, na ilipofika 2000 kombe likarudi kwa vani tena: LDV Vans Trophy. Yaani kiwanda kimoja cha Birmingham, kikiuzwa na kufilisika na kubadilishwa jina, kililidhamini kombe hili kwa majina manne tofauti. LDV wenyewe walikufa 2009. Baada yao kombe likapewa jina la rangi ya kupaka nyumba, la tovuti ya kutafutia mafundi, la piza, kisha la wauza magari.

Nawaambia, ukitaka kujua nani alikuwa na pesa kidogo ya kutangaza biashara katika Uingereza ya wafanyakazi, soma majina ya kombe hili. Si benki wala ndege za Ghuba. Ni vani, kioo, rangi, bomba la maji.

Historia yake inaanza kwa unyonge. Kabla yake kulikuwa na kombe la timu za Uingereza na Uskoti, na mwaka 1981 Waskoti wakajitoa. Kikabaki kitu kisicho na umbo, kikaitwa Group Cup, Grimsby wakakichukua 1982, mwaka uliofuata wakakibadilisha jina, Millwall wakakichukua. Hakuna aliyejali sana. Ndipo msimu wa 1983/84 wakaamua kombe liwe la daraja la tatu na la nne peke yake, na jina walilolipa lilikuwa baya mno: Kombe la Wanachama Washiriki. Maana klabu za madaraja hayo hazikuwa wanachama kamili wa Ligi. Zilikuwa washiriki tu, watu wa kukaa kibarazani wakati mambo yanaamuliwa ndani. Hebu fikiria kualikwa kwenye mashindano ambayo jina lake linakukumbusha kwamba hukualikwa ndani.

Lakini waliahidiwa Wembley. Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Mashindano yaligawanywa kaskazini na kusini, bingwa wa kaskazini akutane na bingwa wa kusini katika uwanja wa taifa, uwanja ambao klabu nyingi za ngazi hiyo hazikuwahi kuukanyaga tangu ziundwe. Na fainali ya kwanza, Mei 1984, haikuchezwa Wembley. Nyasi zilikuwa zimeharibiwa na maonyesho ya farasi. Farasi! Bournemouth, chini ya Harry Redknapp, ambao Januari ya mwaka huo huo walikuwa wameitoa Manchester United kwenye Kombe la FA, wakasafiri hadi Hull, kwenye uwanja wa nyumbani wa wapinzani wao, wakawafunga 2–1. Wanachama washiriki kweli kweli: hata uwanja wamepewa farasi kwanza.

Mwaka uliofuata Wembley ikafunguka. Wigan waliwachapa Brentford 3–1. Hao Brentford wanastahili pole ya pekee, kwa sababu walirudi kwenye fainali 2001 wakapoteza, wakarudi 2011 wakapoteza tena. Southend nao fainali tatu, sifuri. Kuna mikosi ya aina hiyo kila mahali katika kombe hili.

Sasa mzee na Wolves yake.

Siku ya pili baada ya ile asubuhi alinijia na mfuko wa nailoni, ule wa kuwekea nyama kwenye friza, na ndani yake kijitabu cha mechi cha Mei 1988. Pini zilikuwa zimeshika kutu na kutia madoa ya hudhurungi katikati ya kurasa. Hakuniruhusu kukishika, alikifungua yeye mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, juu ya mkanda wa kupitishia parseli, huku foleni ya madereva ikimsubiri.

Wolves walikuwa wameshuka daraja mara tatu kwa misimu mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, kutoka la kwanza hadi la nne. Timu iliyokuwa bingwa wa Uingereza mara tatu katika miaka ya 1950. Majukwaa mawili ya uwanja wao yalifungwa kwa sababu za usalama baada ya mkasa wa moto kwenye uwanja wa Bradford mwaka 1985, kwa hiyo walikuwa wanacheza huku pande mbili hazina mtu. Novemba 1986 walitolewa Kombe la FA na Chorley, timu isiyokuwa hata kwenye Ligi, tena si kwa bahati: walirudiana mara mbili, na mara ya mwisho wakafungwa 3–0. Mzee aliniambia kwamba jioni ile baba yake alizima redio akaenda kulala bila kula.

Mwezi huo huo wakamnunua mshambuliaji kutoka kwa majirani zao West Brom kwa pauni 64,000. Steve Bull. Msimu wa 1987/88 alifunga mabao 52 katika mashindano yote, na 12 kati ya hayo ni ya Sherpa Van Trophy. Nusu ya mapenzi ya mji ule kwa kombe hili ni mapenzi kwa Bull.

Kwenye fainali walikutana na Burnley, na Burnley nao walikuwa wametoka kaburini. Mei 1987 walifika mechi ya mwisho ya msimu wakiwa mkiani mwa Ligi nzima, na huo ndio ulikuwa mwaka wa kwanza ambapo wa mwisho anaondoka kwenye Ligi moja kwa moja. Waliwafunga Orient 2–1 wakaponea chupuchupu. Sasa tazama: Wolves na Burnley ni wawili kati ya klabu 12 zilizoianzisha Ligi mwaka 1888. Miaka mia moja baadaye, wote wako daraja la nne, wanakutana Wembley kugombea kombe la vani. Na watu 80,841 wakaja kutazama.

Mzee alirudia hiyo nambari mara mbili, polepole, kama mtu anayesoma namba ya simu. Elfu themanini, mia nane arobaini na moja. Daraja la nne! Wolves walishinda 2–0, Andy Mutch na Robbie Dennison, na Bull hakufunga siku ile, jambo ambalo mzee bado analiona kama deni.

Nilipomsikiliza ndipo nikaanza kuelewa kitu ambacho binamu yangu Mombasa hakielewi mpaka leo. Yeye hunipigia Jumapili na swali lake ni lile lile: "Wewe bwana, uko Uingereza, timu zote zile, nawe unakwenda kumtazama Coventry?" Anaona aibu kwa niaba yangu. Na ni kweli, sikuja na mapenzi ya Coventry kwenye sanduku. Niliyapata mlangoni mwa watu. Ukigawa parseli nyumba mia moja na kitu kwa siku, unaona bendera za buluu ya angani madirishani, unaona vibao vya sehemu ya kuegesha gari vyenye nembo ya tembo, na mwenye nyumba akifungua mlango siku ya Jumatatu uso wake unakupa matokeo kabla hujauliza. Msimu wa 2013/14 klabu iligombana kuhusu kodi ya uwanja ikaenda kuchezea Northampton, na nyuso zile zikawa kama za watu waliofiwa. Mtu huwezi kupitia misiba ya watu mwaka mzima bila kuketi matangani.

Ndiyo maana nasema kombe hili si kombe la wadogo tu, kama linavyotangazwa. Ni kombe la walioanguka. Huwezi kuingia humo kama uko juu. Umati wake mkubwa kabisa huja pale mji wenye historia unapojikuta chini, umechapwa, umedaiwa, na kwa siku moja unapewa ruhusa ya kuvaa vizuri.

Miaka ya 1990 niipite haraka, ingawa ina vitu vyake. Kombe hili ndilo lililoleta bao la dhahabu katika soka la Uingereza. Novemba 1994 Iain Dunn wa Huddersfield aliifunga Lincoln katika muda wa nyongeza, na mechi ikaisha hapo hapo, 3–2, mchezaji wa kwanza nchini humu kumaliza mechi kwa njia hiyo. Birmingham wakachukua kombe Aprili iliyofuata kwa bao kama hilo dhidi ya Carlisle. Hao Carlisle wangeweza kulipa kombe jina lao. Wako mpakani na Uskoti, karibu kilomita 500 kutoka London, na wamefika fainali mara sita: 1995, 1997, 2003, 2006, 2010, 2011. Wameshinda mbili. Hesabu mafuta ya mabasi.

Wembley ya zamani ilipofungwa, fainali zikahamia Cardiff, 2001 hadi 2007. Blackpool walishinda mbili huko, Wrexham wakashinda moja, 2005, huku klabu ikiwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni, na mwisho wa msimu wakashuka daraja. Ndiyo hayo niliyosema.

Lakini hakuna walioonja utamu na uchungu kwa kijiko kimoja kama Luton. Msimu wa 2008/09 walianza wakiwa wamekatwa pointi 30. Thelathini! Kumi na chama cha soka, ishirini na Ligi, kwa makosa ya fedha na madeni ya waliowahi kuiendesha klabu. Ni kama kuambiwa mkimbie mbio huku wenzenu wameshafika kona ya pili. Aprili 2009 wakaenda Wembley na mashabiki kama 40,000, wakaifunga Scunthorpe 3–2 katika muda wa nyongeza, Claude Gnakpa akimpitishia kipa mpira juu ya kichwa. Siku nane baadaye, Jumatatu ya Pasaka, wakashuka, wakatoka kwenye Ligi kabisa. Na kwa sababu hawakuwa tena kwenye Ligi, hawakuruhusiwa kulitetea kombe lao. Bingwa akafungiwa mlango.

Mwaka 2016 ndipo ugomvi mkubwa ulipotokea, na humu nilikuwamo.

Ligi iliamua kualika timu 16 za vijana kutoka akademi za klabu za madaraja ya juu zichanganywe na klabu 48 za League One na League Two. Makundi 16, kila kundi timu nne, moja kati yao ya vijana wa wakubwa. Baadhi ya klabu kubwa zaidi hazikuutaka mwaliko, kwa hiyo nafasi zikajazwa na akademi za wengine. Sababu waliyotoa ni kukuza vipaji vya taifa. Mashabiki walisikia kitu kingine: hii ni njia ya kuziingiza timu B za matajiri kwenye Ligi yetu kwa mlango wa nyuma, leo kombe, kesho daraja la tatu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kombe pekee lililokuwa letu bila wao, nalo wamelitaka.

Wakasusia. Jumanne usiku kwenye viwanja vya watu elfu kumi walihesabiwa mamia. Nami nikasusia. Vijana wa West Ham walikuwa kwenye kundi letu, na usiku waliokuja Coventry nilikuwa nyumbani nakunja nguo za watoto, simu imelala kifudifudi mezani ili nisishawishike kuangalia matokeo. Nikaiangalia hata hivyo.

Kulikuwa na sheria kwamba klabu za Ligi zipange kikosi chenye idadi fulani ya wachezaji wa kikosi cha kwanza. Sikiliza basi. Luton na Portsmouth walitozwa faini ya pauni 15,000 kila mmoja kwa kuchezesha watoto wao, katika kombe ambalo Ligi yenyewe imewaalika watoto wa matajiri waje wapate uzoefu. Klabu nyingine kumi zilitozwa 3,000 kila moja. Na Bradford, ili watimize sheria, walimwanzisha kipa wao wa kwanza, Colin Doyle, wakamtoa dakika ya tatu bila kuumia popote. Ametimiza hesabu, akae. Mzee wetu alicheka mpaka akaketi juu ya parseli ya mtu.

Basi hapa ndipo unafiki wangu unapoanza, na sitauficha. Coventry waliendelea kushinda. Ligi tulikuwa tunazama. Msimu ule mashabiki wetu na wa Charlton waliungana kutupa nguruwe wa plastiki uwanjani kuwapinga wamiliki wa klabu zote mbili, mechi ikasimama kwa sababu ya nguruwe. Lakini Jumanne, kwenye kombe nililolisusia, tunashinda. Februari 2017 tukaitoa Wycombe kwenye nusu fainali, na mji ambao haukuwa na la kusema miezi sita ukaanza kusema neno moja. Klabu haikuwa imecheza Wembley kwa miaka 30, tangu mwaka ule wa 1987 walipoifunga Tottenham 3–2 na kuchukua Kombe la FA. Nikipeleka parseli, watu waliokuwa wakitia saini bila kuniangalia wakawa wananiuliza, "Unakwenda?"

Ningesema nini? "Hapana, nina msimamo kuhusu akademi"? Nilinunua tiketi nne.

Jumapili, tarehe 2 Aprili 2017. Tuliondoka alfajiri kwa basi la kukodi, binti yangu wa miaka saba amevaa skafu iliyomzunguka shingo mara tatu na bado inaburuta. Kwenye barabara kuu ya M40, kila basi tulilolipita ni la buluu, na kila daraja la kuvukia lina watu wanaopunga mikono. Tulikuwa zaidi ya 40,000 upande wetu; jumla uwanjani 74,434. Timu iliyokuwa mkiani League One. Pembeni yangu aliketi bwana mmoja mzito, fundi bomba kwa jinsi nilivyoona mikono yake, na mapajani alikuwa na fremu ya picha. Picha ya mwanamume mzee mwenye kofia ya buluu. Hakuieleza, na sikuuliza. Kila mchezaji wetu alipopata mpira aliigeuza fremu kidogo, aelekee upande mpira ulipo.

Dakika ya kumi na moja, bao. Gaël Bigirimana.

Hapa naomba mniruhusu. Bigirimana amezaliwa Bujumbura. Mwisho wa jina lake ni Imana, Mungu kwa Kirundi. Alipita Uganda, akafika Coventry mtoto, mkimbizi, na habari yake inajulikana na kila dereva wa teksi wa mji huu: mama yake alimtuma maziwa, akapita kwenye viwanja vya akademi ya klabu, akaingia akaomba wamjaribu. Wakamchukua. Akacheza, akauzwa Newcastle 2012, akarudi. Na sasa mtoto aliyetumwa maziwa amefunga Wembley, mbele ya mji mzima. Binti yangu alinivuta mkono. "Baba, huyu ni wa kwetu?" Nikamwambia ndiyo. Burundi na Mombasa zina umbali wake, najua, lakini siku ile ramani haikuwa na kazi.

George Thomas akaongeza la pili baada ya mapumziko, na Oxford wakarudisha moja kupitia Liam Sercombe, na robo saa ya mwisho sikuiona vizuri kwa sababu fundi bomba alikuwa amenishika bega na anasali. 2–1. Oxford walikuwa wamepoteza fainali ya mwaka uliotangulia pia, dhidi ya Barnsley. Niliwaona wakitoka, baba na watoto, wakitembea bila kuongea, na kwa kweli nilitamani kuwapa pole kwa jina.

Siku kumi na mbili baadaye, Ijumaa Kuu, tukashuka daraja.

Jumanne baada ya Pasaka mzee aliniuliza kwenye depo kama bado ninasusia. Nikamwambia ninasusia. Akaniangalia skafu shingoni. Hakusema kitu, akanipa ruti yenye ghorofa zisizo na lifti.

Msimamo wangu haujabadilika, na najua unavyosikika kutoka kwa mtu mwenye tiketi nne droo ya kabati. Timu za vijana bado zimo. Mpaka leo hakuna hata moja iliyofika fainali. Walioikaribia ni Chelsea, 2018, wakatolewa na Lincoln kwa penalti kwenye nusu fainali, na Lincoln wakaenda kulichukua kombe. Usiku ule wa penalti nilikuwa Mlincoln wa kuzaliwa.

Rekodi ya mzee ilivunjwa 2019. Portsmouth na Sunderland, miji miwili ya bandari iliyowahi kuwa na mabingwa, walijaza Wembley watu 85,021, wakatoka 2–2, Portsmouth wakashinda kwa penalti 5–4. Mzee alipokea habari ile kwa uungwana kiasi. "Uwanja ulikuwa mkubwa zaidi," alisema. Si kweli, ule wa zamani wakati wake uliingiza watu wengi zaidi, lakini ni mzee.

Kisha corona ikaja, na fainali ya 2020 ikangoja karibu mwaka mzima. Machi 2021 zikachezwa fainali mbili kwa siku mbili mfululizo, Salford na Portsmouth Jumamosi, Sunderland na Tranmere Jumapili, Wembley bila shabiki hata mmoja. Salford wakashinda kwa penalti, Sunderland kwa bao moja. Portsmouth walikuwa wamekaa na kombe karibu miaka miwili kwa sababu hakukuwa na wa kumkabidhi. Nilizitazama zote mbili kwenye simu ndani ya vani, nikila ugali wa jana. Bila watu lile kombe lilionekana dogo mno, unaweza kudhani ni jagi.

Kufikia 2025 mabingwa wa kuzoea walikuwa Peterborough. Walilichukua 2014, wakalichukua 2024, na 2025 wakaifunga Birmingham 2–0 na kuwa wa kwanza kulitetea. Wamefikia Bristol City kwa kulichukua mara tatu. Sisi hatumo tena. Coventry walipanda 2018, wakapanda tena 2020, na aliyepanda hadi daraja la pili hana nafasi kwenye kombe hili. Mei 2023 tulirudi Wembley kucheza fainali ya kuwania Ligi Kuu, na waliotufunga kwa penalti ni Luton, wale wale wa pointi thelathini. Ningeweza kuwachukia, lakini nilikuwa nimeshasoma habari zao.

Ile LDV ilikuja kuvutwa na watu wa vyuma chakavu, na mzee amestaafu. Vuli ya 2024 nilimchukua mwanangu wa kiume, ambaye 2017 alikuwa bado kwenye nepi, tukaenda Jumanne usiku kwenye uwanja wa klabu nyingine jirani, raundi ya makundi, mvua nyepesi. Jukwaa moja tu lilifunguliwa. Ungeweza kusikia kipa akiwatukana mabeki wake kwa majina. Mpira ukapigwa ukatoka nje ya paa, na mzee mmoja mwenye koti la kung'aa akafungua geti, akaenda kuutafuta barabarani huku wachezaji wote 22 wakimngoja.

Mwanangu alizungusha macho kwenye viti vitupu, safu kwa safu.

"Baba, watu wako wapi?"

"Watakuja Aprili," nikamwambia, nikamfunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni.